Uteuzi wa Programu ya Kusimamia Mradi wa Kamusi: Je, Kipimo cha Kazi ni Herufi au Kitomeo?

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili jambo ambalo wanaleksikografia wetu wamezoea kuwaachia mafundi wa kompyuta, yaani uteuzi wa programu ya kusimamia kazi ya jopo linalotunga kamusi. Hoja yetu ni kwamba suala hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Programu za aina hii hudai kazi igawanywe katika vipande vinavyohesabika, na fundi hawezi kutuambia kipande cha kazi ya kamusi ni kipi.

2.0 Mgawanyo wa Kazi

Desturi iliyozoeleka ni kugawa kazi kwa herufi. Katika Kiswahili desturi hii hupotosha. Herufi M hubeba nomino za ngeli ya m-/wa- na za m-/mi-, pamoja na nomino kama maji na maziwa. K nayo hubeba nomino nyingi za ki-/vi-, ilhali Q na X hazina chochote. Mhariri anayeripoti kwamba amemaliza herufi nne huenda amefanya kazi ndogo kuliko mwenzake aliyefika katikati ya M. Hata vitomeo vyenyewe havilingani uzito. Pikipiki humalizika kwa mistari miwili. Piga humdai mhariri apambanue kupiga pasi, kupiga kura, kupiga simu na kupiga chapa, kisha aamue kama pigana na pigisha zitapewa vitomeo vyake au zitaorodheshwa chini ya shina.

Makadirio mabaya ya kazi ya namna hii yana historia ndefu. Mkataba wa kutunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ulipotiwa saini mwaka 1879, ilitarajiwa kazi ingechukua miaka 10. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 nayo iliishia kwenye neno ant. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kifo cha mhariri wake, James Murray. Hata hivyo, Murray alikuwa na mfumo wa usimamizi: rafu zenye vishubaka zaidi ya elfu moja, ambamo kadi zilipangwa kwa maneno. Yeyote aliyeingia chumbani mwake aliweza kuona kwa macho kazi iliyokuwa imerundikana. Kipimo chake kilikuwa neno, na hilo ndilo tunalolitafuta katika programu.

3.0 Programu Zilizopo

Kundi la kwanza ni la programu za ratiba, mathalani Microsoft Project. Msingi wake ni chati za Henry Gantt za mwanzoni mwa karne ya 20 na mbinu ya PERT, iliyobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani. Humo kila hatua hutangulia nyingine, kama msingi unavyotangulia ukuta. Kamusi haiendi hivyo: fasili ya piga ikibadilishwa, vitomeo vya minyambuliko vilivyokwisha kufungwa hufunguka upya. Kundi la pili ni la programu za ubao wa kadi, kama Trello iliyoanza mwaka 2011, ambazo asili yake ni mbao za kanban za viwanda vya Toyota. Hizi zinatukaribia zaidi, kwani kadi huhama kutoka “inaandikwa” hadi “inahaririwa” na hata kurudishwa. Lakini ubao wenye kadi 20,000 hausomeki. Unafaa tu kwa mafungu, tuseme vitomeo 100 kwa kila kadi.

Kundi la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye manufaa makubwa, ni la programu za kutungia kamusi zenyewe. FieldWorks ya SIL hutolewa bure, huruhusu mhariri kufanya kazi bila intaneti na kuunganisha mabadiliko yake na ya wenzake baadaye. TLex, iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 2002 kwa jina la TshwaneLex, hulipiwa leseni, lakini hulipa jopo uhuru mkubwa wa kupanga muundo wa kitomeo. Katika zote mbili jopo laweza kuongeza uga wa “hali ya kitomeo” na kuchuja vilivyo tayari. Usimamizi unakuwa sehemu ya data yenyewe, wala hauhitaji daftari la pili ambalo, kama wahariri wote wajuavyo, halijazwi.

4.0 Tahadhari Moja

Bei ya leseni hujadiliwa sana. Gharama ya kutoka katika programu haijadiliwi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kushiriki katika jopo la istilahi lililotumia programu ya kulipiwa kila mwaka. Ufadhili ulipokoma, leseni nayo ilikoma. Istilahi tuliziokoa, bali maoni ya wahariri, yaani sababu za kukataa neno hili na kuteua lile, hayakuweza kutolewa. Tulibaki na orodha isiyo na mjadala wake, na kwa mwanaisimu mjadala huo ni data sawa na istilahi zenyewe. Mafaili ya zamani ya Toolbox, pamoja na ugumu wake wote, yalikuwa matini ya kawaida yenye alama, na hadi leo yanasomeka katika kompyuta yoyote.

Kwa hiyo tunapendekeza jaribio kabla ya ununuzi. Vichukuliwe vitomeo 50, 10 kati yake viwe vya vitenzi vyenye minyambuliko mingi, vipitishwe mikononi mwa wahariri watatu kwa wiki mbili, mmoja wao akiwa mahali ambapo intaneti hukatika. Mwishoni data yote itolewe katika matini ya kawaida, kisha wahariri wahesabu vitomeo na maoni yaliyosalia.