Jua Ukoo Wako, Ujue na Afya Yako

Je, msomaji, daktari akikuuliza leo nyanya yako mzaa baba alifariki kwa ugonjwa gani, utamjibu nini? Wengi wetu twakumbuka tu lile tangazo la kifo lililosema aliaga dunia "baada ya kuugua kwa muda mfupi".

Siku hizi watu wengi wa mijini hutafuta asili yao katika intaneti. Huduma ya FamilySearch, ambayo hailipishwi, humwezesha mtu kuchora mti wa ukoo wake. Kampuni kama AncestryDNA na 23andMe hupima mate yako, kisha hukuambia asili yako kwa asilimia na kukuonyesha watu mnaohusiana kwa damu. Ni jambo la kuvutia, lakini lina mipaka yake.

Kwanza, asilimia hizo ni makadirio. Kampuni hulinganisha mate yako na sampuli ilizo nazo, na sampuli kutoka Afrika ni chache. Zikiongezwa, majibu yako nayo hubadilika. Kwa hivyo usiukane ukoo uliokulea kwa sababu ya tarakimu.

Pili, kutopatikana na kasoro si hakikisho la afya. Mwaka 2018, serikali ya Marekani iliiruhusu 23andMe kuwauzia watu kipimo cha hatari ya kurithi saratani ya matiti. Kilichunguza kasoro 3 tu, ambazo hupatikana zaidi miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya, ilhali kasoro zinazojulikana ni zaidi ya 1,000. Mwanamke Mwafrika aliyeambiwa hana hata moja kati ya hizo 3 bado angeweza kuwa na nyingine.

Tatu, mate yako si siri yako peke yako. Huenda yakafichua kwamba baba aliyekulea siye aliyekuzaa, au kwamba una ndugu usiyemjua. Aidha, mwaka 2023 wezi wa mitandaoni walipata habari za wateja wa 23andMe wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Fikiria hayo kabla ya kutuma mate, na uwashirikishe jamaa zako.

Mti wa intaneti hujaa majina na tarehe, lakini mara nyingi haukuambii watu waliugua nini. Habari hizo wanazo wazee wetu, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Chukua mfano wa selimundu, ule ugonjwa unaozifanya chembe nyekundu za damu kujipinda kama mundu. Hapa Kenya hupatikana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Iwapo mume na mke wote wana chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa, ingawa wao wenyewe ni wazima. Ziko familia zilizozika watoto kadhaa zikidhani zimelaaniwa, kumbe kipimo cha damu hospitalini kingewafahamisha mapema.

Basi utakapokwenda mashambani, chukua daftari. Waulize wazee kuhusu vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama: nani alikuwa na kisukari, shinikizo la damu, saratani, selimundu au presha ya macho? Alianza kuugua akiwa na umri gani? Umri ni muhimu, kwani saratani ya matiti iliyompata shangazi kabla ya miaka 50 humpa daktari sababu ya kukuchunguza mapema.

Uliza kwa upole. Mzee akisema fulani alirogwa, usibishane naye. Muulize alikuwa akilalamikia nini. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kidonda kisichopona vitamtosha daktari kushuku kisukari.

Andika pia ni nani ndugu wa damu na ni nani aliyelelewa tu nyumbani. Wote ni jamaa, ila maradhi ya kurithi hufuata damu.

Kisha mpelekee daktari daftari hilo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Usingoje tangazo jingine la kifo.