Je, Wajua? Kivuko cha Ifakara Kilichorithiwa na Daraja

Je, wajua ya kuwa kwa miaka mingi msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge alilazimika kuvuka Mto Kilombero kwa pantoni, akingoja zamu yake ukingoni pamoja na malori na shehena za mpunga?

Mashaka ya kivuko hicho hayakuwa ya chombo peke yake, bali ya mahali pa kutia nanga. Kwani bonde la mto huu, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hufurika wakati wa masika hata palipokuwa nchi kavu pakawa maji, na kiangazi kikiwadia maji hujitenga na ukingo, basi gati lisilohamishika halifai kitu.

Januari 2016 pantoni ilipozama, daraja lilikuwa tayari linajengwa. Nalo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli mwezi Mei 2018, likapewa jina lake, na hivi sasa wakaazi wa wilaya za Ulanga na Malinyi huvuka usiku na mchana pasipo kungoja chombo.