Sweta Linaloanzia Shingoni

Sweta la Iceland hutambulika mvaaji akiwa bado mbali. Mwili wa sweta mara nyingi ni wa rangi ya kondoo mwenyewe, kijivu, kahawia, nyeusi au nyeupe, lakini mabegani limezungukwa na duara pana la mapambo ya rangi, kama ushanga uliolala shingoni. Wenyeji huliita lopapeysa. Wanavyolienzi, mgeni angedhani limerithiwa kutoka kwa mababu waliovuka bahari kwa majahazi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kumbe kondoo ndio waliokuja na mababu hao. Ufumaji ulifika kisiwani karne ya 16, na sweta lenyewe lilienea katikati ya karne ya 20 tu. Mwaka 2020 jina lake lilipewa ulinzi wa kisheria: ili liitwe sweta halisi la Iceland, sharti lifumwe kwa mkono, humo humo nchini, kwa sufu ya kondoo wa huko.

Sufu hiyo ina tabaka mbili. Ya nje ni ndefu na ngumu kidogo, haishiki maji upesi; ya ndani ni laini na hutunza joto. Zikichanganywa hutoa uzi mwepesi, usiosokotwa sana, ambao nyuzinyuzi zake hushikamana zenyewe. Tabia hiyo ya kushikamana ndiyo inayomsaidia mfumaji wa rangi.

Kwa desturi, sweta hili huanzia chini. Mwili na mikono hufumwa mbalimbali kwa mzunguko, vikakutanishwa usawa wa makwapa, kisha vitanzi vikapunguzwa kidogo kidogo hadi shingoni. Siku hizi wafumaji wengi wanageuza safari: wanaanza shingoni na kushuka. Njia hiyo si ngeni. Mmarekani Barbara Walker aliieleza kwa kina katika kitabu chake Knitting from the Top cha mwaka 1972, na hoja yake kubwa haijachakaa hata leo: sweta linaloanzia juu linaweza kuvaliwa likiwa bado sindanoni. Mfumaji analipitisha kichwani, anatazama duara limekaaje mabegani, anaamua. Anayeanzia chini hulijua bega lake mwishoni, wakati kazi yote imekwisha.

Kabla ya hapo kuna hesabu, na hesabu haina njia ya mkato.

Kwanza hufumwa kipande cha majaribio, kwa nyuzi zile zile, sindano zile zile na rangi mbili zile zile, kikafuliwa, kikakaushwa, kikapimwa. Tuseme sentimita 10 zina vitanzi 18. Kifua cha sentimita 100 kitahitaji vitanzi 180. Mkono wa mfumaji ukikaza kidogo, sentimita 10 zikabeba vitanzi 20, vitanzi vile vile 180 vitatoa sentimita 90, na sweta litamkaba aliyefumiwa. Tofauti ya vitanzi viwili ambayo jicho halikuiona!

Sasa duara lenyewe. Mfumaji anaanza shingoni na vitanzi 88, ambavyo anaviona kama vipande 22 vya vitanzi vinne vinne. Duara linaposhuka lazima lipanuke, lakini idadi ya vipande haibadiliki. Kinachokua ni upana wa kila kimoja. Kutoka vinne vinakuwa sita, kisha tisa, kisha kumi na viwili. Vitanzi vipya huongezwa katika mistari michache ya rangi moja iliyo kati ya pambo na pambo, mahali ambapo havitavuruga mchoro. Mwishowe kuna vitanzi 264. Hamsini vinawekwa kando kwenye uzi kwa ajili ya mkono wa kulia, hamsini kwa wa kushoto, vinabaki 164 vya mwili. Chini ya kila kwapa huanzishwa vipya vinane, na ile 180 ya kifua inatimia bila kubahatisha.

Mchoro nao una masharti yake. Uliochorwa kwa ajili ya kufumwa kutoka chini husomwa kuanzia mstari wa juu kabisa, na kila mahali palipoandikwa kupunguza, mfumaji anaongeza. Nyota na almasi hazidhuriki. Majani na maua hubadilika sura kidogo, kwa sababu kila kitanzi kina umbo la ncha, na ncha hizo sasa zinaelekea upande mwingine. Tena shingo ya mtu haiko sawa mbele na nyuma. Hivyo mfumaji hodari hufuma mistari mifupi ya kwenda na kurudi upande wa kisogoni, ili nyuma ipande na mbele isibane koo.

Katika mstari mmoja kwa kawaida hutumika rangi mbili tu. Wengi hushika uzi mmoja mkono wa kulia na wa pili wa kushoto. Rangi isiyotumika hupita nyuma ya kazi ikisubiri zamu yake, na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Uzi huo ukivutwa sana, kitambaa hukunjamana na hakuna pasi itakayokinyoosha. Ukiachwa legelege, vidole hunasa ndani wakati wa kuvaa. Ukipita vitanzi vingi, hunaswa katikati kwa uzi mwenzake. Jambo jingine dogo linastahili uangalifu: uzi unaopita chini ya mwenzake upande wa nyuma hujitokeza zaidi upande wa mbele. Kwa hiyo rangi ya pambo hupitishwa chini tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Rangi hizo mbili zikibadilishana nafasi katikati, ua hufifia bila sababu ya kueleweka haraka.

Sheria ya rangi mbili ilivunjwa kwa uzuri mkubwa huko Uswidi. Mwaka 1939 Emma Jacobsson alianzisha Bohus Stickning, shirika la kuwapatia kipato wanawake wa Bohuslän, ambako kazi ya kuchonga mawe ilikuwa imekufa na waume wengi hawakuwa na ajira. Wabunifu wake walitia rangi tatu au zaidi katika mstari mmoja, na wakageuza vitanzi vingine upande wa nyuma utokee mbele, hivi kwamba rangi zilionekana kuyeyukiana. Masweta hayo yalinunuliwa hadi Marekani. Shirika lilifungwa mwaka 1969, lakini mabega yake ya duara bado yanafumwa.

Faida ya mwisho ya kuanzia juu huonekana miaka baadaye. Ncha za kufungia kazi ziko chini, kwenye pindo na miisho ya mikono, mahali panapochakaa upesi. Mtoto akirefuka, mzazi hufungua fundo la mwisho, anafumua ukingo, anarudisha vitanzi sindanoni na kuongeza sentimita tano za mkono kwa uzi aliouweka akiba. Pambo la mabegani halijaguswa.