AVC: hata karata zinasaidia mukono kurudilia nguvu

Wengi wetu tuko na ndugu ambaye AVC ilimuachia mukono moja umeregea. Huko Ulaya na Amerika, waganga wanawachezesha wagonjwa kama hao michezo ya video, wamoja na miwani machoni, wengine mbele ya televizyo. Mugonjwa anaona mupira, ananyoosha mukono ili audake. Kwa kurudilia mara mingi, bongo inajifunza tena kuamuru mukono.

Je, ni mashini ndiyo inaponyesha? Mwaka 2016, munganga Gustavo Saposnik wa Toronto, Kanada, na wenzake walitoa matokeo ya jaribio juu ya wagonjwa 141. Wamoja walicheza Wii kwenye televizyo, wengine walicheza karata na mupira: mara 10, saa moja kila mara, ndani ya majuma 2. Pande zote mbili walipata nafuu, karibu sawasawa.

Basi, tusikate tamaa eti hatuna dola za miwani, ao umeme umekatika. Munganga wa kine akisha kutuonyesha namna, tuketi na baba kila siku, tucheze naye karata, na azigawe kwa mukono ule ule mugonjwa. Mukono usiotumika unasahau kazi.