Mpaka ukifungwa, muhula hausubiri

Vyuo vya Kampala vimepokea vijana wa nchi jirani kwa miaka mingi: Wakenya, Warundi, Wakongo, Wasudani Kusini na sisi Wanyarwanda. Wengi wetu husafiri kwa basi. Kalenda ya chuo haiulizi kama barabara imefungwa. Ada ina tarehe yake, usajili una tarehe yake, na mitihani vilevile.

Mimi nilizaliwa uhamishoni na kusomea hapa Uganda kabla familia yetu haijarudi Rwanda baada ya 1994. Wazazi wetu hawakuwa na shamba la kuturithisha. Walichotupa ni shule. Ndiyo maana, ingawa ni mwalimu mtu mzima, mwaka 2019 nilirudi Kampala kusoma muhula mmoja.

Mwishoni mwa Februari mwaka huo nilikuwa Kigali kwa ruhusa fupi, nikitafuta sehemu ya mwisho ya ada. Ghafla malori yakazuiwa Gatuna, ambako Waganda hupaita Katuna, na Wanyarwanda wakakatazwa kuvuka kwenda Uganda. Kwanza tuliambiwa ni ujenzi wa kituo cha mpakani. Baadaye ikawa wazi kwamba serikali mbili zimekosana. Safari ya kilomita zipatazo 500, ambayo basi huimaliza kwa saa tisa au kumi, ikakatika.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka Tanzania: Rusumo, Benako, Karagwe, Kyaka, Mutukula, kisha Masaka hadi Kampala. Hapo ndipo karatasi zilipotutenganisha. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuwa katika mpango huo. Vijana waliozoea kupita Gatuna na kitambulisho mfukoni walibaki stendi ya Nyabugogo na mabegi yao. Mimi nilikuwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikaondoka.

Njiani nilikaa na mama mmoja anayenunua vitenge Kikuubo.

"Mwalimu, wewe chuo kitakungoja," aliniambia. "Wateja wangu watanunua kwa mwingine."

"Chuo hakingoji, mama," nilimjibu. "Usajili ukifungwa, muhula umekwenda na ada imekwenda."

Tulilala njiani usiku mmoja na kufika Kampala jioni ya siku ya pili. Usajili ulikuwa umefungwa tangu jana yake. Kilichoniokoa ni barua pepe niliyomwandikia mkuu wa idara siku ile ile basi liliporudishwa, pamoja na nakala ya tiketi. Mwenzangu wa darasani aliyefika bila barua aliambiwa arudi muhula unaofuata.

Mkwamo ule haukuwa wa wiki wala mwezi. Marais wa nchi hizo mbili walitia saini makubaliano Luanda Agosti 21, 2019, lakini Gatuna ilifunguliwa Januari 31, 2022, tena kwa malori kwanza. Abiria wa kawaida walianza kupita Machi mwaka huo. Katikati yake ikaja korona, na uwanja wa Entebbe ukafungwa kwa abiria kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 1. Shahada ya miaka mitatu ingeanza na kumalizika katika kipindi hicho. Wapo walioimaliza bila kuwaona wazazi wao.

Wafanyabiashara wanakumbuka pia Januari 2008, ghasia za Kenya zilipofunga barabara ya Mombasa, reli ikang'olewa Kibera na petroli ikaadimika hapa Kampala.

Kwa hiyo, mzazi unayemwandaa mwanao kwa muhula ujao, mtafutie pasipoti hata kama kitambulisho kinatosha leo. Asafiri wiki moja kabla ya usajili, si siku moja. Ada itangulie kwa benki, isisafiri naye mfukoni. Awe na akiba ya nauli ya njia ya pili na ya kulala njiani. Na akikwama popote, aandikie chuo siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kutafuta basi jingine. Wakubwa wakipatana, mpaka utafunguliwa tena. Muhula uliopita haurudi.