Mfinyanzi wa Kigali na Sherehe Zilizomsahau

Waswahili husema, mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii yaafikiana na hali ya Watwa wa Rwanda, ambao tangu zamani wamewafinyangia wenzao vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, na ile mitungi mikubwa ya pombe iitwayo intango kwa Kinyarwanda.

Kazi yenyewe yataka subira. Udongo huchimbwa mabondeni, penye majimaji, ukapondwa na kutolewa changarawe. Mfinyanzi hana gurudumu. Huuviringisha udongo mfano wa kamba, akaupanga duara juu ya duara, kisha akaulainisha kwa mkono. Chombo kikisha kukauka huchomwa mahali pa wazi kwa nyasi na kuni.

Zamani posa na harusi hazikukamilika pasipo mtungi. Pombe ya ndizi au ya mtama iliwekwa mbele ya wazee, wakainywa kwa mirija, na mara nyingi Watwa hao hao ndio waliokuwa waimbaji na wachezaji ngoma. Sherehe ndiyo iliyokuwa mnunuzi wao mkubwa.

Leo mjini Kigali kreti za bia zimeshika nafasi ya mtungi, na ndoo ya plastiki imeshika nafasi ya chungu. Isitoshe, mabonde mengi yamegeuzwa mashamba. Watwa, waliokwisha kuipoteza misitu yao, sasa wanakosa hata udongo.

Hebu tuitazame Meksiko. Huko, kila tarehe 1 na 2 Novemba, watu huwakumbuka marehemu wao, nao wafinyanzi huuza sanamu za udongo za mifupa ya watu wakicheza, wakipiga magita, hata wakioana. Ufundi huo unaishi kwa kuwa sikukuu ingali inauhitaji.

Watwa nao hawakukaa bure. Wako waliojiunga katika vyama vya ushirika, wakafinyanga vyungu vya maua na mapambo ya kuuzia wageni. Mwaka 2007 chama kinachowatetea kilichukua jina la Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda, yaani COPORWA. Jina hilo ni la heshima, lakini heshima peke yake haiinjiki chungu mekoni. Bwana arusi na bibi arusi wa Kigali wakiagiza japo mtungi mmoja kwa siku yao, na mabonde machache yakiachiwa wachimba udongo, ndipo mfinyanzi atakapoacha kulia gaeni.