Dawa ya usingizi: Ngazi nne na wajibu wa mgonjwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia kuwa mgonjwa wetu atapewa dawa ya usingizi huingiwa na hofu, tukidhani kila dawa ya namna hiyo ni nusukaputi. Sivyo. Mwaka 1999 jumuiya ya madaktari wa usingizi ya Marekani ilizibainisha ngazi nne, na kipimo chake kikuu ni namna mgonjwa anavyoitika.

Katika ngazi ya kwanza wasiwasi humwondoka mgonjwa, naye hujibu maneno kama kawaida. Katika ya pili husinzia, lakini akiitwa au kuguswa kidogo huitika kwa kuelewa, na hupumua mwenyewe. Katika ya tatu haamshiki kwa urahisi. Huitika baada ya kuitwa tena na tena au kutiwa maumivu, na pumzi yake yaweza kuhitaji msaada. Ya nne ndiyo nusukaputi: hata maumivu hayamzindui, na mara nyingi husaidiwa kupumua.

Ngazi hizi hazina kuta baina yake. Aliyekusudiwa ya pili aweza kuteremka hadi ya tatu, ndiyo maana anayetoa dawa hutakiwa awe na uwezo wa kumwokoa huko. Na ndiyo maana mgonjwa huzuiwa chakula kwa muda usiopungua saa 6, na maji saa 2. Aliyezama usingizini hupoteza kinga ya koo, na chakula kikirudi huweza kuingia mapafuni. Basi anayeficha kuwa amekula, kwa kuchelea kuahirishiwa, anaihatarisha nafsi aliyopewa kuwa amana.

Mafakihi wa Kishafi nao walitenganisha kusinzia na kulala: anayesinzia husikia sauti za waliopo japo haelewi, na udhu wake haujatenguka, aliyepotewa na fahamu umetenguka. Kwa kipimo hicho, wa ngazi ya kwanza yu katika udhu wake. Wa tatu na wa nne lazima atawadhe. Wa pili akiwa na shaka, kutawadha ndiyo hadhari. Ama sala iliyompita, wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaomlinganisha na aliyelala, hivyo ailipe azindukapo, na kufanya hivyo ndiko salama zaidi.

Kabla ya kutia saini, akili ikiwa timamu, muulize daktari: nitakuwa ngazi ipi, na nani atakayeichunga pumzi yangu? Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.